Deni la Serikali na Mkate wa Masikini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu wasomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu haikuja kwa ajili ya Sala wala Saumu, wala haikuja kwa ajili ya vita au mirathi. Imekuja kwa ajili ya deni. Nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha ya kwamba deni la muda liandikwe, na mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuliandika, likiwa dogo au likiwa kubwa. Tena ameamrisha ya kwamba mwenye kutamka maneno ya kuandikwa awe ni yule mdaiwa mwenyewe, kwani yeye ndiye atakayelipa. Na ikiwa mdaiwa ni dhaifu, au hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke badala yake kwa uadilifu.

Watoto wetu huisoma aya hii chuoni, na wengi huihifadhi kwa moyo. Lakini sisi wazazi wao tumezoea kuiona kuwa ni aya ya duka na ya shamba: fulani amemkopesha fulani, basi na iandikwe. Hatujazoea kuitazama kwa jicho la nchi nzima. Na leo liko deni ambalo kila mtoto wa Kenya huzaliwa nalo, awe ni wa Lamu au wa Kisumu. Yeye hakulitamka, wala hawezi kulitamka. Waliolitamka ni wasimamizi wake. Je, walitamka kwa uadilifu? Na je, hati walimwonyesha mwenye kulipa? Hilo ndilo swali la makala haya.

UZITO WA DENI KATIKA DINI YETU

Bwana Mtume (S.A.W.) alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kama maiti ameacha deni. Siku moja ililetwa maiti ya mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, naye Mtume akawaambia masahaba wamsalie mwenzao, wala yeye hakumsalia mpaka Abu Qatada aliposimama na kujitwika deni lile. Na katika Hadithi iliyo sahihi tumefundishwa ya kwamba shahidi husamehewa madhambi yake yote isipokuwa deni. Ikiwa damu iliyomwagika katika njia ya Mwenyezi Mungu haifuti deni, basi deni si jambo la kuchezewa.

Masahaba waliyafahamu haya. Zubeir bin Al-Awwam, alipokuwa akienda katika vita vya Jamal katika mwaka wa 36 wa Hijra, alimwita mwanawe Abdallah akamwambia ya kwamba jambo limtialo hamu kubwa ni deni lake. Zubeir aliuawa, na deni likahesabiwa, likaonekana ni milioni mbili na laki mbili. Abdallah aliiuza ardhi ya babake, akawalipa wenye kudai. Ndugu zake walipotaka mirathi igawanywe, alikataa mpaka apige mbiu katika msimu wa Hija kwa miaka minne, kwamba yeyote anayemdai Zubeir na aje alipwe. Ilipopita miaka minne ndipo alipogawanya. Hakuna aliyekula kabla deni halijalipwa, wala hakuna hesabu iliyofichwa.

Na liko jambo kubwa zaidi ya hilo. Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu mali, Bwana Mtume (S.A.W.) alitangaza ya kwamba mwenye kufa akaacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake, na mwenye kufa akaacha deni asiloweza kulilipa, malipo yake ni juu yake yeye Mtume. Tena wenye madeni ni katika yale mafungu manane wanaostahiki Zaka, kama ilivyotajwa katika Sura ya At-Tawba.

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yalivyopinduka. Katika dola ile ya kwanza hazina ilibeba deni la masikini. Katika zama zetu masikini ndiye abebaye deni la hazina.

HESABU ILIVYO

Tusiseme kwa kukisia, bali tutazame hesabu. Katikati ya mwaka wa 2013 deni la serikali ya Kenya lilikuwa kiasi cha shilingi trilioni 1.9. Ilipofika katikati ya mwaka wa 2024 lilikuwa limepita trilioni 10. Trilioni moja ni bilioni elfu moja. Lau mtu angehesabu shilingi moja kila sekunde, usiku na mchana bila ya kulala, trilioni moja ingemchukua zaidi ya miaka 31,000.

Sehemu ya deni hili hudaiwa na watu na mabenki ya humu humu nchini, na sehemu nyingine hudaiwa na wa nje. Katika mwezi wa Juni 2014 serikali iliuza katika masoko ya ng'ambo hati za deni ziitwazo Eurobondi. Zile za muda wa miaka 10, baada ya kuongezwa mwishoni mwa mwaka huo, zilifika dola bilioni 2, kwa riba ya 6.875 kwa mia kila mwaka. Muda wake ulikuwa uishe Juni 2024. Ulipokaribia, katika Februari 2024, serikali ilikopa tena dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75 kwa mia ili ilipe sehemu kubwa ya deni lile la kwanza. Hili ndilo tuliitalo kufukia shimo kwa mchanga wa shimo jingine.

Na deni la dola hukua hata pasipo kukopa tena. Katikati ya mwaka wa 2014 dola moja ilinunuliwa kwa kiasi cha shilingi 87. Katika Januari 2024 ilifika kiasi cha shilingi 160, kabla ya kushuka hadi kiasi cha 130 baadaye mwaka huo. Mwenye kukusanya kodi kwa shilingi na kulipa deni kwa dola ni kama mtu aliyekopa mchele kwa pishi, akaambiwa aulipe kwa pishi, kisha pishi yenyewe ikawa inapanuka mkononi mwa mwenye kudai.

Katika makisio ya fedha ya mwaka wa 2024/25, yaliyokaribia trilioni 4, kiasi cha trilioni moja kilitengwa kulipa riba peke yake. Rais William Ruto mwenyewe aliwaambia wananchi katika mwaka wa 2024 ya kwamba katika kila shilingi 100 za kodi, shilingi 61 huenda katika kulipa madeni. Zinazobaki ndizo za mwalimu, za daktari, za askari, za barabara na za maji.

Hapa ndipo hekima ya sharia yetu inapodhihiri. Qurani imeamrisha ya kwamba mdaiwa akiwa katika shida angojwe mpaka apate wasaa. Soko la fedha la leo hufanya kinyume: likimwona mdaiwa yu katika shida, humwongezea riba kwa sababu ya shida yake. Ndiyo maana 6.875 ikawa 9.75.

RELI NA HATI ILIYOFICHWA

Si kila mkopo ni mbaya. Mkulima hukopa mbegu, na akivuna hulipa. Serikali nayo yaweza kukopa ikajenga kitu kitakachozaa faida ya kulipia. Lakini mkopo wa namna hiyo wataka uwazi, ili mwenye kulipa apime mwenyewe kama mbegu itaota.

Tuchukue reli ya kisasa ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa Mei 31, 2017. Gharama yake ilikuwa kiasi cha shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa yake ilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China. Hatukatai manufaa yake. Watu wa Pwani huipanda, nasi twamshukuru Mungu kwa safari ya salama. Lakini mikataba ya mkopo iliyotiwa sahihi katika mwaka wa 2014 ilikuwa na sharti la siri, na watu hawakuonyeshwa mpaka Novemba 2022, pale waziri mwenye kuhusika na uchukuzi alipoitoa. Miaka minane ilipita, na mwenye kulipa hajui masharti ya deni lake. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufani ilikuwa imekwisha kuamua ya kwamba Shirika la Reli halikufuata sheria ya ununuzi wa mali ya umma katika kumpa kazi mjenzi wa reli hiyo.

Na kulipa kulianza mapema. Tangu mwaka wa 2013 bidhaa ziingiazo nchini ziliwekewa ushuru wa maendeleo ya reli. Mama anunuaye mchele wa Pakistan sokoni haoni jina la reli katika gunia, lakini bei ya mchele ule ina fungu la reli ndani yake. Tena katika mwaka wa 2019 serikali ilipoamuru makontena ya bandarini yapakiwe reli, wenye malori, madereva, mafundi na mama wauzao chakula kandokando ya njia kuu waliona riziki zao zikiondoka, na watu wa Mombasa wakaandamana siku za Jumatatu. Amri ile iliondolewa katika mwaka wa 2022. Lakini fundisho lilibaki: deni lililoandikwa mbali na watu hurudi kwao likiwa limevaa nguo nyingine.

MZIGO UNAPOUFIKIA MKATE

Katika mwaka wa 2024 serikali ilileta Bungeni Mswada wa Fedha uliokusudia kupata kiasi cha shilingi bilioni 346 zaidi. Ndani yake mlikuwamo pendekezo la kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya 16 kwa mia, na kodi ya magari ya 2.5 kwa mia ya thamani ya gari, na ushuru juu ya mafuta ya kupikia. Na mwaka mmoja kabla yake, kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli ilikwisha kupandishwa kutoka 8 hadi 16 kwa mia, na mafuta ya gari yakipanda hupanda kila kitu kinachobebwa na gari.

Yampasa msomaji aijue tabia ya kodi hii. Kodi ya mapato humtazama mtu: aliyepata kingi hutoa kingi. Kodi ya mkate haimtazami mtu. Tajiri na mjane wakinunua mkate mmoja hutozwa sawasawa. Lakini kwa tajiri fedha ile ni vumbi, na kwa mjane ni chai ya asubuhi ya watoto. Usawa wa namna hii si uadilifu.

Juni 18, 2024 pendekezo la mkate liliondolewa, pamoja na lile la magari na la mafuta ya kupikia. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kutoka njiani, Nairobi, Mombasa na miji mingine mingi. Juni 25 Bunge liliupitisha Mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku ile ile waandamanaji wakaingia Bungeni, na sehemu ya jengo ikachomwa, na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais alitangaza ya kwamba hatautia sahihi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, katika taarifa yake ya Julai 1, ilihesabu watu 39 waliokufa. Hatuungi mkono kuchoma mali ya umma, wala hatuwezi kuona nyepesi roho za watoto wa watu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunasema tu ya kwamba deni lile lilikuwa limeanza kulipwa kwa sarafu isiyorudishika.

HILA ZA WENYE KUEPA

Sasa tuulize: kwa nini mkate ndio unaotafutwa? Ni kwa sababu mkate hauwezi kukimbia. Mshahara wa karani hauwezi kukimbia. Hukatwa kabla haujamfikia mkononi. Walakini faida ya mkubwa yaweza kukimbia, tena yaweza kuvuka bahari bila ya kupanda chombo.

Wanasheria hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kuvunja sheria: mtu huficha biashara yake, au huandika hesabu ya uwongo. La pili ni kuepa kodi kwa hila: kila karatasi iko sawa, kila sahihi iko mahali pake, na kodi hailipwi. Tuseme kampuni yalima maua nchini. Ua ambalo Ulaya huuzwa shilingi 100, kampuni hii hulionyesha katika vitabu vyake kuwa imeliuza kwa shilingi 40 kwa kampuni nyingine ya mwenyewe yule yule, iliyoandikishwa katika kisiwa kisichotoza kodi. Kisha kampuni ya kisiwani huliuza Ulaya kwa shilingi 100. Faida ya shilingi 60 imezaliwa kisiwani, ambako hakuna hata tuta moja la maua. Tume iliyoongozwa na Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini, ilieleza katika mwaka wa 2015 ya kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zitokazo kwa njia zisizo halali, na sehemu kubwa kuliko zote hutoka kwa hila za biashara kubwa.

Kenya nayo ilitia sahihi katika mwaka wa 2012 mapatano na Mauritius, ambayo makusudio yake yalikuwa mfanyabiashara asitozwe kodi mara mbili. Shirika la Tax Justice Network Africa lilikwenda mahakamani, likihofu ya kwamba mapatano yale yatafungua njia ya mtu kutotozwa hata mara moja. Katika Machi 2019 Mahakama Kuu iliyabatilisha, kwa kuwa hayakupelekwa Bungeni kama sheria inavyotaka. Ni jambo lile lile tulilolianza: hati imeandikwa, na wawakilishi wa mwenye kulipa hawakuonyeshwa.

Wenye hila hawa husema, "Hatukuvunja sheria." Waislamu tunalijua neno hili tangu zamani. Katika Sura ya Al-Aaraf imetajwa habari ya watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Wafasiri wametueleza ya kwamba waliweka mitego yao kabla ya Jumamosi, samaki wakanaswa siku ya Jumamosi, nao wakawatoa siku ya Jumapili, wakadai ya kwamba hawakuvua siku iliyokatazwa. Maneno ya amri waliyashika, na maana yake wakaivunja. Na adhabu iliyowapata yajulikana. Mwenye kuipeleka faida yake kisiwani kwa karatasi ametega mtego wa Ijumaa.

KUPUNGUZA MATUMIZI KUANZE WAPI?

Hazina ikiwa imelemewa, njia ya pili baada ya kodi ni kupunguza matumizi. Lakini kupunguza matumizi ni jina moja lenye maana mbili. Mtu aweza kupunguza manukato yake, na aweza kupunguza dawa ya mwanawe. Yote mawili huitwa kubana matumizi. Katika mwaka wa 2024 madaktari wa hospitali za serikali waligoma siku 56, na katika sababu kubwa za mgomo ule ni kuwa serikali ilisema haina uwezo wa kuwalipa madaktari wanafunzi mshahara uliokwisha kukubaliwa. Siku 56 mgonjwa masikini alingoja, na mwenye uwezo alikwenda hospitali ya kulipia.

Ni nani basi aanze kupunguziwa? Jawabu limo katika historia yetu. Katika mwaka wa 1259 majeshi ya Wamongoli yalikuwa yamekwisha kuuangamiza mji wa Baghdad, nayo yanaelekea Misri. Qutuz, mtawala wa Misri, aliwakusanya wanavyuoni mjini Cairo awatake shauri juu ya kuwatoza watu mali ya vita. Haja ilikuwa ya kweli kabisa, na adui yu njiani. Sheikh Izzuddin bin Abdisalaam alimjibu ya kwamba inafaa kuwatoza raia, lakini kwa sharti: kwanza hazina iwe haina kitu, na maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao ya thamani, mpaka kila askari abaki na farasi wake na silaha yake, wawe sawa na raia wa kawaida. Ama kuchukua mali ya raia ilhali dhahabu ingali viunoni mwa maamiri, hilo halifai. Na katika Ramadhani ya mwaka uliofuata wa Hijra, Septemba 1260, Waislamu walishinda katika vita vya Ain Jalut.

Fatwa hiyo ndiyo mizani yetu. Wanavyuoni wakubwa kama Imamu Ghazali na Imamu Shatibi nao waliruhusu mtawala muadilifu awatoze wenye uwezo, hazina ikiwa tupu na haja ikiwa ya kweli. Basi kodi si haramu kwa jina lake, wala serikali haiendeshwi kwa upepo. Lakini utaratibu ni huu: mikanda kwanza, mkate mwisho.

Kwetu utaratibu ulipinduliwa. Rais Uhuru Kenyatta alikiri mwenyewe katika Januari 2021 ya kwamba zaidi ya shilingi bilioni mbili huibiwa kila siku katika mali ya serikali. Mikanda ile haikuvuliwa. Mkate ndio ulioitwa kwanza. Ni baada ya mauti ya Juni 2024, tarehe 5 Julai, ndipo ilipotangazwa ya kwamba makisio yatapunguzwa kwa bilioni 177, na bilioni 169 zikopwe. Na mashirika 47 ya serikali yavunjwe. Na washauri wapunguzwe kwa nusu. Na ununuzi wa magari mapya usimamishwe kwa miezi 12. Na fungu la ofisi ya mke wa Rais liondolewe. Ikiwa mambo hayo yaliwezekana Julai, kwa nini hayakuwezekana Mei? Na hata hivyo, katika Desemba 2024 baadhi ya kodi za Mswada ule zilirudi kwa sheria nyingine. Kwa hivyo jambo hili halijesha, nalo litarudi kila mwaka makisio ya fedha yasomwapo.

NA SISI WENYEWE JE?

Ndugu zangu, ni rahisi kumnyooshea kidole mkubwa. Lakini tutazame na maduka yetu. Mfanyabiashara aliyeandikishwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani huipokea kodi ile kutoka kwa mnunuzi. Si mali yake. Mjane amekwisha kuitoa katika bei ya sabuni, akidhani ya kwamba yaenda hospitali na skuli. Mwenye duka akikataa kutoa risiti akaitia mfukoni, hakuidhulumu serikali. Amemdhulumu mjane, na ameila amana, kisha akaenda msikitini akasimama safu ya kwanza.

Husema, "Hata nikiipeleka, wakubwa wataiiba." Neno hilo lina ukweli wa kuhuzunisha, lakini si hoja. Msikiti ukiibiwa mazulia usiku, maamuma hawahalalishiwi kuyagawana yaliyobaki. Kila fedha izuiliwayo na wenye maduka na wenye makampuni itatafutwa kwa asiyeweza kuizuia, naye ni mnunuzi wa mkate. Mdogo mwenye kuficha risiti na mkubwa mwenye kampuni ya kisiwani wameshika kamba moja, nayo imefungwa shingoni mwa jirani yao.

YATUPASAYO

Wazazi, wafundisheni watoto aya ya deni kwa maana yake, si kwa matamko yake tu. Mtoto na aone nyumbani daftari la mapato na matumizi, na aone ya kwamba harusi haifanywi kwa mkopo wa riba ili majirani wasifu. Mwenye kukua katika nyumba isiyojua hesabu yake hataiuliza nchi hesabu yake.

Vijana, someni. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 201, imeweka ya kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kushirikisha wananchi, na ya kwamba mizigo na manufaa ya mikopo ya umma igawanywe kwa haki baina ya kizazi cha leo na vizazi vijavyo. Na Ibara ya 35 yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tazameni jinsi maana hizi zilivyo karibu na aya ya 282! Basi Mswada wa Fedha utokapo, msingoje kuambiwa, usomeni. Vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi vinapoitwa, nendeni na kalamu. Ulizeni: mkopo huu ni wa nini, riba yake ni ngapi, sharti lake ni lipi, na hati yake iko wapi? Swali lililoulizwa kabla ya sahihi lina nguvu kuliko maandamano elfu baada yake.

Wafanyabiashara, toeni risiti, na mpeleke kilicho cha watu kwa wenyewe.

Na enyi wenye mamlaka, nyinyi ndinyi msimamizi aliyetajwa katika aya, mwenye kutamka badala ya asiyeweza. Mtoto aliyezaliwa leo hajui kusema, nanyi mwamwekea dole gumba katika hati. Kila sahihi mnayoitia itasomwa mara mbili: mara moja na watakaoilipa hapa duniani, na mara ya pili siku ambayo hapatakuwa na sharti la siri.

Ewe Mola wetu, tulinde na uzito wa deni na kushindwa na watu; utupe viongozi watakaovua mikanda yao kabla ya kuugusa mkate wa masikini; na utujaalie sisi wenyewe kuwa waaminifu katika kidogo kabla ya kuwadai wenzetu uaminifu katika kingi. Amin.

Wabillahi taufiq.